Uongo Uliokuja Kutupa Pole

Katika matanga ya shangazi yangu, kijijini kwetu wilayani Muleba, mwaka 1991, nilimsikia mjomba wangu kwa mara ya kwanza akisema kwamba ugonjwa uliomuua marehemu haukutoka kwa Mungu wala kwa wachawi, bali ulitengenezwa na Wamarekani katika maabara ya jeshi lao. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Alilisema jambo hilo kwa utulivu wa mtu anayetaja bei ya kahawa ya msimu, na wanaume waliokuwa wameketi naye walitikisa vichwa kwa kukubali. Mmoja wao alipomuuliza amezipata wapi habari hizo, alijibu kwamba wanasayansi wa Kizungu wenyewe ndio waliokiri.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania, watatu kwa idadi, walitambuliwa mwaka 1983 katika mkoa wetu wa Kagera, na kabla serikali haijaupa ugonjwa huo jina la Kiswahili, watu walikwisha kuuita Juliana, kwa jina la nguo ya fasheni iliyokuwa ikiuzwa na wafanyabiashara wa mpakani. Ng'ambo ya mpaka, Waganda waliuita Slim kwa jinsi ulivyomkondesha mtu. Kufikia utoto wangu kulikuwa na nyumba ambamo bibi alibaki na wajukuu peke yao, kwa kuwa kizazi cha katikati chote kilikuwa kimelala migombani. Watu wanaozika kila wiki hawawezi kuishi bila maelezo, na mwenye maelezo husikilizwa hata kama hakuna aliyemwita.

Kwa miaka mingi niliyahesabu maneno yale kuwa maneno ya mjomba tu, mzee mwenye radio na mwenye kupenda ubishi wa siasa. Nilipoanza kusoma habari za vita baridi ndipo nilipogundua kwamba sentensi yake ilikuwa imesafiri kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu, na kwamba safari yake ilikuwa na waandaaji.

Ilianzia India. Julai 1983 gazeti la Patriot la New Delhi, lililojulikana kwa kuielekea Moscow, lilichapisha barua isiyo na jina la mwandishi, ambayo mhariri aliieleza kuwa imetoka kwa mwanasayansi mashuhuri wa Marekani. Barua ilidai kwamba UKIMWI ulitokana na majaribio ya silaha za kibayolojia yaliyofanywa Fort Detrick, kituo cha jeshi la Marekani katika jimbo la Maryland. Hakuna aliyeishughulikia sana wakati ule. Kisha, Oktoba 1985, gazeti la Kisovieti la Literaturnaya Gazeta liliirudia hadithi hiyo likiitaja Patriot kama chanzo chake, na kuanzia hapo ikaanza kukimbia. Mwaka 1986 mwanafizikia wa viumbe hai wa Berlin Mashariki, Profesa Jakob Segal, aliivika vazi la kitaalamu: alidai kwamba kirusi hicho kiliundwa kwa kuunganisha virusi viwili tofauti, na kwamba kilitoroka kupitia wafungwa waliojitolea kufanyiwa majaribio. Oktoba mwaka huohuo gazeti la London la mrengo wa kulia, Sunday Express, ambalo hakuna awezaye kulituhumu kwa ukomunisti, liliiweka habari hiyo katika ukurasa wake wa kwanza. Machi 1987 ikatajwa katika taarifa ya habari ya televisheni ya CBS nchini Marekani kwenyewe. Kwa hesabu ya serikali ya Marekani, ilikuwa imefika katika nchi zaidi ya 80 na kutangazwa kwa lugha zaidi ya 30.

Waandaaji wake walikuwa maofisa wa KGB, idara ya ujasusi ya Umoja wa Kisovieti. Hilo si suala la kukisia, kwa sababu Septemba 1985 waliwaandikia wenzao wa usalama wa Bulgaria wakiwaeleza kwamba wanachukua hatua za kuijenga imani huko nje kuwa ugonjwa huo ni matokeo ya majaribio ya siri ya Pentagon, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani, yaliyowatoka mikononi, na nyaraka hizo zimesalia Sofia. Walikuwa na sababu zao. Mwaka 1981 waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Alexander Haig, aliutuhumu Umoja wa Kisovieti na washirika wake kwa kunyunyiza sumu huko Laos na Kambodia, ile iliyoitwa mvua ya manjano. Na wanasayansi, akiwemo Matthew Meselson wa Harvard, walipoyachunguza matone yale wakakuta ni kinyesi cha nyuki. Wakubwa hawa wawili walikuwa wakirushiana tuhuma za aina moja, na kila mmoja alijua ni wapi mwenzake anaumia.

Ninachopenda kukitazama hapa ni ufundi wenyewe, maana ndani yake mna ujuzi mkubwa wa nafsi ya binadamu. Moscow haikuisema hadithi hiyo kwa mdomo wake mwanzoni, kwa sababu maneno ya adui hupimwa kabla ya kumezwa. Iliyapandikiza katika gazeti la mbali, ikangoja, kisha ikayanukuu kana kwamba imeyaokota njiani. Kadiri kauli inavyopita mikono mingi, ndivyo swali la nani aliisema kwanza linavyofifia, na kichwani mwa msikilizaji hubaki kauli tupu. Wanasaikolojia wa jeshi la Marekani, Carl Hovland na wenzake, walikwisha kuliona jambo hili walipokuwa wakiwapima askari waliotazama filamu za vita: katika baadhi ya mambo, maoni ya askari hao yalikuwa yamesogea zaidi baada ya wiki tisa kuliko baada ya siku tano, na maelezo waliyoyatoa ni kwamba mtu husahau aliyemwambia mapema kuliko anavyosahau alichoambiwa. Mwaka 1977 watafiti wengine watatu, Hasher, Goldstein na Toppino, walionyesha kwamba sentensi ikirudiwa mara kadhaa, kwa kupishana wiki mbili tu, watu huanza kuiona ya kweli zaidi, iwe ya kweli au ya uongo. Wahenga wetu walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na sisi tumezoea kulitumia neno hilo kama ushahidi. Nadhani ni maelezo bora zaidi ya namna akili inavyotapeliwa: tukilisikia jambo mara ya tatu, tunahisi kwamba tunalijua.

Hata hivyo kurudia peke yake hakutoshi. Redio za wakati ule, kutoka Moscow, Beijing, London, Cologne na Washington, zote zilitangaza kwa Kiswahili, zote zilirudia mambo yao asubuhi na jioni, na sehemu kubwa ya mambo hayo iliingia sikio hili ikatokea lile. Hakuna mzee wa Muleba aliyewahi kunieleza kwenye matanga habari za mavuno ya ngano ya Ukraine. Hadithi ya Fort Detrick ilikaa kwa sababu nyingine, na sababu hiyo inaonekana wazi zaidi katika kisa cha Harare.

Septemba 1986 wakuu wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote walikutana Harare, na miongoni mwa makaratasi yaliyozungushwa mkutanoni kulikuwa na kijitabu cha Kiingereza chenye hoja za Segal. Kichwa chake kilisema kwamba UKIMWI ni uovu uliotengenezwa nyumbani Marekani, na haukuletwa kutoka Afrika. Sehemu ya pili ya kichwa hicho ndiyo yenye nguvu. Tukumbuke jinsi ilivyokuwa kuwa Mwafrika mwaka huo. Magazeti ya Ulaya yalikuwa yakiandika juu ya nyani na juu ya vitanda vyetu kwa sauti ya mtu anayeelezea zizi. Katika nchi mbalimbali wanafunzi wa Kiafrika walianza kutazamwa kama chupa za sumu zinazotembea. India iliwapima kwa lazima na kuwarudisha makwao waliokutwa na virusi. Wanasayansi waliokuja kwetu walichukua damu, wakaondoka, na kilichorudi ni makala zilizotutaja kama chanzo. Katikati ya fedheha hiyo akatokea mtu na kijitabu, akasema: poleni, si ninyi, ni wao.

Neno pole kwetu ni zaidi ya adabu. Anayekupa pole amekiri kwamba umeumia, na ukishamkubalia kwamba ameyaona maumivu yako, unampa haki ya kukueleza aliyekuumiza. Majasusi wa Moscow, au washauri wao, walilifahamu hilo. Kijitabu hakikumwomba msomaji wa Kiafrika aupende ukomunisti, wala hakikumwomba afanye lolote. Kilimpa heshima yake iliyokuwa imechukuliwa, na bei yake ilikuwa kuamini jambo moja tu. Naona hapo ndipo saikolojia ya vita vya habari inapoeleweka vibaya zaidi, kwa sababu tunapozungumzia propaganda huwa tunafikiria chuki, vitisho na kelele, ilhali iliyo hatari kuliko zote huja na sauti ya mfariji. Na ukweli wenye kuchekesha kwa uchungu ni kwamba Agosti 1987, chini ya mwaka mmoja baada ya Harare, Umoja wa Kisovieti wenyewe ulipitisha amri iliyoruhusu wageni kupimwa kwa lazima na kufukuzwa nchini wakikataa.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Uongo huu uliangukia juu ya kovu halisi, na kovu hilo halikuchorwa na KGB. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, huko Tuskegee, Alabama, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende bila kuwatibu na bila kuwaeleza wanaugua nini, ili ione ugonjwa unavyomwendea mtu hadi kaburini, na iliendelea hivyo hata baada ya penisilini kuwa dawa ya kawaida. Fort Detrick nayo haikuwa jina la kubuni: ilikuwa kweli kituo kikuu cha silaha za kibayolojia cha Marekani hadi Rais Nixon aliposimamisha mpango huo mwaka 1969. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sioni haki ya kumcheka kwa kushtuka. Uhodari wa aliyeutunga uongo huu ulikuwa kuutupa ung'ongo mahali palepale nyoka alipowahi kupita.

Kuhusu Segal mwenyewe sina hukumu nyepesi. Wanahistoria bado wanabishana ni kwa kiasi gani idara ya usalama ya Ujerumani Mashariki, Stasi, ilimwongoza au ilimwacha tu ajiendee. Alikuwa Myahudi mkomunisti aliyeshiriki katika upinzani dhidi ya Wanazi huko Ufaransa, mtu mwenye kila sababu ya kuamini kwamba dola inaweza kuua watu kwa makusudi na kwa utaratibu wa kimaabara. Aliendelea kuitetea nadharia yake hata baada ya nchi iliyomnufaisha kutoweka kwenye ramani, hadi alipofariki mwaka 1995. Mtu wa namna hiyo ni hazina kwa idara ya ujasusi, kwa sababu hasemi uongo: anaamini. Anayedanganya huchoka, husahau, hujikanyaga. Anayeamini hawezi kukamatwa kwa swali lolote. Mjomba wangu alikuwa wa aina hiyohiyo, kwa kipimo cha kijiji.

Kisha waliouanzisha waliukana. Oktoba 1987, baada ya Wamarekani kutishia kusitisha ushirikiano wa kitabibu kati ya nchi hizo mbili, wanasayansi wakubwa wa Kisovieti Roald Sagdeev na Vitali Goldanskii walijitenga hadharani na hadithi hiyo katika gazeti la Izvestia. Mwaka 1992 Yevgeny Primakov, mkuu wa ujasusi wa nje wa Urusi, alikiri kwamba idara yake ndiyo iliyohusika. Kwa mantiki ya mahakama kesi ilikuwa imekwisha, mshtakiwa amekiri. Matanga ninayoyasimulia yalikuwa ya mwaka 1991, miaka minne baada ya Izvestia, na maneno yale yaliendelea kusemwa kijijini miaka ishirini baadaye.

Wanasaikolojia wameyachunguza masalia haya pia. Ukimweleza mtu sababu ya tukio kisha ukamwambia kwamba sababu ile haikuwa kweli, ataendelea kuitumia katika kufikiri kwake mpaka umpe sababu nyingine ya kujaza pengo uliloliacha. Kukanusha ni kubomoa nyumba ambayo mtu bado anaishi ndani yake. Na mwaka 1987 hapakuwa na nyumba nyingine ya kumhamishia, kwa sababu asili halisi ya virusi ilikuwa bado haijaeleweka. Leo tunajua kwamba vilitoka kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kameruni, vikaanza kuenea kwa binadamu mjini Kinshasa, wakati ule ukiitwa Léopoldville, mnamo miaka ya 1920 hivi, na kwamba vilisafirishwa na reli, mito na miji ya kikoloni iliyojaa vibarua wanaume waliotenganishwa na wake zao. Sampuli ya damu ya mwaka 1959 kutoka mji huo inayo virusi hivyo, wakati ambapo hakuna maabara yoyote duniani iliyojua kuunganisha vinasaba. Ajabu ni kwamba ukweli huu nao una mkoloni ndani yake, tena kwa uzito kuliko hadithi ya Fort Detrick. Lakini ni mkoloni asiyekusudia, na binadamu aliyefiwa hapendi msiba usio na mwenye kukusudia.

Gharama ya uongo huo hawakuilipa Moscow wala Washington. Mwaka 2005 watafiti wa taasisi ya RAND na Chuo Kikuu cha Oregon State walichapisha matokeo ya mahojiano na Wamarekani weusi 500: karibu nusu yao waliamini kwamba virusi vya UKIMWI vimetengenezwa na binadamu, na miongoni mwa wanaume, walioshikilia zaidi imani za namna hiyo walitumia kondomu kwa nadra zaidi. Kwetu vijana walilifasiri neno AIDS kwa mzaha kuwa Acha Iniue Dogodogo Siachi, na nimekua nikijiuliza ni mzaha wa aina gani ule. Sehemu yake ilikuwa ujasiri wa kijinga. Sehemu nyingine, naamini, ilikuwa kukata tamaa kwa mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba ugonjwa umeundwa na wakubwa, na kwamba wanaoleta kinga ni walewale walioleta maradhi.

Nisijitoe, maana kuna mtego mwingine. Mwaka 1983, mwaka uleule wa barua ya Patriot, mtaalamu wa mawasiliano wa Marekani, W. Phillips Davison, alisimulia kisa cha Iwo Jima, kisiwa cha Japani kilichopiganiwa katika vita vya pili vya dunia: Wajapani walidondosha vikaratasi vikiwaambia askari weusi wa Marekani, waliokuwa chini ya maofisa weupe, wasife kwa ajili ya mzungu. Hakuna ushahidi kwamba vikaratasi viliwayumbisha askari hao, lakini siku iliyofuata maofisa wao waliwaondoa mstari wa mbele. Propaganda iliwapiga wale ambao haikuwalenga, kwa kuwa waliamini wengine ni dhaifu kuliko wao. Kila mara ninapofikiri kwamba mimi nimesoma na mjomba ndiye aliyedanganywa, hukumbuka maofisa wale.

Na nilikuwa na haki ya kuwakumbuka. Machi 2020, katika kundi la WhatsApp la familia, shemeji yangu alituma ujumbe mrefu kuhusu korona, na nilipofika katikati nikakutana na jina Fort Detrick. Msemaji wa wizara ya mambo ya nje ya China, Zhao Lijian, alikuwa ameandika mwezi huo kwamba huenda jeshi la Marekani ndilo lililopeleka maradhi hayo Wuhan, na mashine ya zamani ilikuwa imepata dereva mpya. Nilimwandikia shemeji kwa kiburi, nikamweleza kwamba huo ni uzushi wa miaka ya themanini. Miaka minne baadaye, Juni 2024, shirika la habari la Reuters likafichua kwamba katika kipindi hichohicho jeshi la Marekani lilikuwa likiendesha kwa siri akaunti bandia nchini Ufilipino, zikiwatia watu shaka juu ya Sinovac, chanjo ya korona iliyotengenezwa China, na nchi ile haikuwa na chanjo nyingine iliyokuwa imewahi kuifikia kwa wingi. Shemeji alinitumia habari hiyo bila neno lolote juu yake. Sikuwa na jibu, na sikumjibu.

Mjomba nilizungumza naye Krismasi ya 2021, nilipokwenda nyumbani. Alikuwa amevuka miaka themanini, macho yamepungua, masikio bado. Nilimsimulia yote: Patriot, Harare, Segal, kukiri kwa Primakov. Na ili asidhani kwamba nimekuja kuwatetea Wamarekani, nikamsimulia pia habari za Tuskegee, ambazo hakuwahi kuzisikia. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo lisilo la kawaida yake.

"Mwanangu," akasema, "hao watu 399, nao walitungwa na Mrusi?"

"Hapana, mjomba. Hao ni wa kweli."

Akatikisa kichwa taratibu, kama walivyofanya wenzake kwenye matanga mwaka 1991, akanisogezea bakuli la senene.